Wazee Tisa Niliowapika

Msomaji mpenzi, naanza kwa kukiri. Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, matokeo yangu siyasemi, na ndoto yangu ni kuwa mwandishi wa riwaya. Kazi ya mwandishi wa riwaya ni kubuni watu. Mwaka juzi nilibuni wazee tisa kwa mpigo, nikalipwa, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Sasa haya ya nini, kama kubuni ni sanaa? Swali hilo ndilo nataka tulichambue.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nauza duka la steshenari pale Kaloleni, natoa fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi. Dada mmoja wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, akaleta mpango wake wa utafiti niuchape. Alitaka kujua wazee wa Kimeru wanakumbuka nini kuhusu kuhamishwa kwao Ngare Nanyuki. Nilipofika kwenye jina la kijiji nikaacha kuchapa, nikamwambia, "Dada, huko ndiko kwao mama yangu." Akanitazama kama mtu aliyeokota pochi. Siku hiyohiyo akaniajiri. Yeye angehoji upande wa Leguruki, mimi Ngare Nanyuki: wazee 20, hojaji 20, malipo kwa kila hojaji.

Wengi mnaijua habari yenyewe kwa juujuu. Novemba 1951 serikali ya Waingereza, iliyokuwa inaitawala Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao, kaskazini mashariki ya Mlima Meru. Nyumba zilichomwa moto. Ardhi ilitakiwa kwa ajili ya mashamba machache ya walowezi wa Kizungu. Wameru wakakataa fidia. Wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York akaeleze mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiana na wakili Earle Seaton. Kirilo hakurudi na ardhi mkononi, lakini dunia ilisikia, na miaka miwili baadaye TANU ilipoanzishwa, watu wa huku walishajua kudai haki maana yake nini.

Turudi kwenye hojaji. Ratiba ya Dada ilikuwa safi kabisa. Wiki ya kwanza barua kwa mtendaji wa kijiji, ya pili na ya tatu mahojiano, ya nne uchambuzi. Kwenye ratiba kila mzee yuko nyumbani, haumwi, hajaenda msibani, na gari halikwami kwenye tope. Nilifanya wazee 11 kwa uaminifu. Kisha masika yakafungua. Nauli ikaniishia. Mzee mmoja nilimfuata mara tatu, na mara zote tatu yuko shamba.

Siku ya Alhamisi nikashuka Usa River, nikaingia mgahawani, nikaagiza chai na chapati mbili. Nikatoa hojaji tisa tupu na kalamu tatu za rangi tofauti. Kwa saa tatu hivi nikawapika wazee tisa. Si mchezo, niliwapika wakaiva! Mmoja nilimpa ng'ombe aliyepotea, mwingine nikampa harufu ya paa linaloungua. Namba 14 nilimfanya bibi aliyelia akishika mlango wa nyumba ya baba yake. Nilipomaliza nilijiona mwandishi kweli.

Dada alizipokea, akasoma zote usiku mmoja. Kesho yake akaja dukani macho yanang'aa. "Mdogo wangu, huyu bibi namba 14 ndiye nguzo ya sura yangu ya nne. Nataka unipeleke nikamsalimie." Akafungua mkoba. Alikuwa amemnunulia khanga.

Khanga ile iliniumbua. Uongo wa kwenye karatasi nilikuwa nauvumilia. Lakini khanga mpya, doti nzima, imenunuliwa na mwanafunzi ambaye mchana anakula mihogo, kwa ajili ya mtu ambaye hayupo! Nikamwambia ukweli palepale, wateja wanasikia.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na wengine ni wangapi?" Nikasema, "Wanane." Akakunja khanga, akasema, "Tutarudi kuwahoji wote. Na nauli unalipa wewe."

Kabla ya kurudi huko nilijitetea sana moyoni, na labda hata wewe ungenitetea hivyohivyo. Utetezi wa kwanza: mambo yenyewe si yalitokea? Nyumba zilichomwa kweli, watu walilia kweli. Nimemsingizia nani? Utetezi wa pili: mimi ni mbunifu, na hadithi nzuri husema ukweli kuliko takwimu. Huo wa pili ndio ulionisumbua, maana naupenda.

Lakini angalia. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuhoji wazee waliovikumbuka vita hivyo. Walikuwa vijana kama sisi, na karatasi zao wanahistoria wanazitumia mpaka leo. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia yake Kinjeketile juu ya vita hivyohivyo. Na Hussein alibuni. Lakini alimtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si yule wa historia. Kwa hiyo wanafunzi wale na Hussein hakuna aliyemdanganya mtu, kwa sababu kila mmoja alisema mlangoni anauza nini. Mimi niliuza maziwa ya unga kwenye kibuyu cha maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya unga si sumu, ila mnunuzi hakuulizwa.

Halafu mfikirie Kirilo. Nguvu yake kule New York ilikuwa moja tu: aliyoyasema yalitokea kwa watu waliokuwepo, wenye majina. Angegundulika na shahidi mmoja tu wa kupikwa, Waingereza wangesema wote wamepikwa. Kwa hiyo mzee wa uongo haongezi nguvu ya wazee wa kweli. Anawatia wote mashakani, hata wale 11 niliowafuata kwa miguu.

Bado sijafika penye kiini, na hapo nilifikishwa na bibi mmoja. Tulirudi Ngare Nanyuki, mimi na Dada, nauli yangu. Kati ya wale tisa, mmoja alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Mwingine alikataa, akasema, "Hayo nimeshasamehe, msinirudishe." Saba walikubali. Bibi huyo alikuwa na miaka minane au tisa wakati ule. Tukampa shikamoo, tukakaa kwenye magogo, nikamuuliza swali la tano: siku ile ulijisikiaje?

Akacheka, kisha akanyamaza. "Mjukuu wangu, mimi nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kupanda lori. Mama analia, mimi nashangilia upepo. Aibu ile ninayo mpaka leo."

Msomaji, wazee wangu tisa wa mgahawani wote walilia. Hakuna hata mmoja aliyefurahi. Niliwapa huzuni niliyoitegemea, ile ambayo kila mtu angeitegemea. Bibi huyu alikuwa na kitu ambacho kisingeingia kichwani mwangu hata ningekunywa chai birika zima. Na mimi, kwa uvivu wa siku moja, nilikuwa nimemfunga mdomo na kuongea badala yake. Watu hawa waliwahi kunyang'anywa ardhi na watu waliojua kuwaamulia. Mimi nilitaka kuwanyang'anya hata kumbukumbu, tena mjukuu wao.

Khanga alipewa yeye. Dada aliandika tasnifu yake kwa wazee 18 wa Ngare Nanyuki badala ya 20, akaeleza sababu wazi. Malipo yangu yakawa ya wazee 18, ukitoa nauli.

Sijaacha kubuni. Zile hojaji tisa Dada alinirudishia, ninazo chini ya godoro. Namba 14 bado nampenda, na siku moja atapata riwaya yake. Lakini juu ya jalada nitaandika wazi kwamba ni riwaya, na nadhani nitamfanya kwanza apande lori.