Jina la kununua



Rumba yetu si kitu cha kudharau: mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Lakini ndani ya nyimbo nyingi za Kongo mna libanga: mwenye pesa hulipa ili mwimbaji amtaje jina. Kijana anayesikia hayo kila siku anajifunza nini? Kwamba asiyetajwa si mtu. Ndipo anakopa pesa ya viatu na nguo, ili naye aonekane.

Mtoto wetu alipewa jina siku ya saba, wala hakulilipia. Heshima yake hujengwa kwa amana na kazi. Basi, mzazi, muulize mwanao leo: majirani wanakujua kwa jambo gani?

Wabillahi tawfiq.