Mwaka Nilioukoga Gotu

Mbuzi walifika kabla ya wageni. Nilikuwa nimepanga mabua ya migomba ukutani, nje ya ofisi yetu, nikaingia ndani kuwaita wenzangu. Nilipotoka nikakuta mbuzi wanne wanatafuna silaha zangu. Mlinzi wetu, Mborana wa hapa hapa Gotu, kaskazini mwa Kenya, alikuwa amesimama pembeni, uso umemkunjuka. "Asante sana, daktari," akaniambia. "Kiangazi hiki, umewakumbuka." Alidhani nimewaletea malisho.

Mimi si daktari. Nachanja mifugo ya mradi na kuandika hesabu zake, lakini huku kila mwenye sindano ni daktari. Wala sikuwa nimewakumbuka mbuzi. Mabua yale nilimwomba dereva wa lori la ndizi aniletee Isiolo kutoka Meru, nikayapakia kwenye gari la kazi, yakala vumbi lote la njia ya Merti. Ilikuwa Julai, na Julai mtu wa Makunduchi hakai hivi hivi. Ni mwezi wa Mwaka Kogwa.

Msomaji wa pwani anaujua. Asiyeujua nimweleze: ni mwaka mpya wa Kishirazi, Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi. Hesabu yake ni siku 365 kamili, haina ile siku ya nyongeza ya kila miaka minne, ndiyo maana hausimami mahali pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Kwetu, kusini mwa Unguja, wanaume wa pande mbili hupambana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie pale uwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto, aliyemo ndani akachomoka mbio, na wazee wakatazama moshi umeelekea wapi. Wanawake huimba wamejipamba. Watu huenda kukoga. Na lipo sharti moja dogo ambalo watalii hawalipigi picha: nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa imepata kisirani.

Kwa makaratasi, Gotu si mbali na kwetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kwayo Mtanzania kufanya kazi Kenya si jambo la ajabu. Lakini hakuna itifaki inayomfundisha mtu wa bahari kuishi na mto kama Ewaso Ng'iro, unaoshuka umejaa kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukanyweka na kupungua kadiri unavyokwenda, mpaka unapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Julai hiyo, chini ya daraja la Gotu, mchanga ulikuwa mwingi kuliko maji. Na kwenye maji yaliyobaki kulikuwa na mamba. Habari ya kukoga nikaiacha.

Nikabaki na migomba. Wenzangu saba wakaja, nikawahutubia kama mwalimu wa historia, kisha nikawapa vijana wawili mabua yaliyonusurika na mbuzi. Mmoja Mborana, mwingine Mturkana wa Ngaremara, marafiki wanaokula sahani moja kila mchana. "Haya, piganeni," nikasema nikicheka. Hakuna aliyecheka nami. Vijana wale walishika mabua kama watu walioshikishwa mtoto wa jirani, hawajui wamweke wapi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu," akasema, "hiyo migomba waachie mbuzi wamalize. Hapa fimbo haichezewi."

Jioni mlinzi alinieleza nilichopaswa kukijua kabla ya kumtuma dereva. Malisho na visima vya huku vimezika watu, Waborana kwa Waturkana, na amani iliyopo imeshonwa kwa vikao vingi. Hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu, inayowaunganisha Waturkana wa upande ule na Waborana wa upande huu, ni sehemu ya mshono huo. Na mzee yule ana kumbukumbu ya nyuma zaidi. Wakati wa vita vya Shifta vya huku kaskazini, kati ya 1963 na 1967, watu wa Waso, yaani wa bonde hili la Ewaso Ng'iro, walikusanywa kambini na mifugo yao ikateketea. Wapo walioingia matajiri wa ngamia wakatoka na fimbo mkononi. Kipindi kile wanakiita Gaafa Daba, siku za kusimama, kama kwamba saa ilikatika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kupigana ni mchezo wa kufungulia mwaka, unamtaka akusamehe mengi kwa mara moja.

Nililala na aibu. Na kama kawaida ya mtu mwenye aibu, nikatafuta methali ya kunitetea. Nikaipata: mwacha mila ni mtumwa. Lakini Kiswahili hakimwachi mtu ashinde kesi kwa shahidi mmoja. Mara ikaja nyingine: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nikageuka huku na huku kati ya hizo mbili. Ya kwanza inanitaka nibebe kila kitu cha kwetu hata kama kinawachoma wenyeji. Ya pili inanitaka nijifanye sikuzaliwa popote. Ndipo nikakumbuka ya tatu, ambayo tunaitumia zaidi kumfukuza mtu kuliko kumfunza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Siku zote nilidhani methali hiyo ni ya mwenyeji aliyechoka. Gotu nimeisikia upya. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, ana zamu yake. Mimi nilikuwa nimekula Idi mbili kwa watu hawa, nimepewa maziwa ya ngamia nikiwa na homa, nimeketishwa kwenye mkeka wa harusi karibu na wazee, na siku yangu ilipofika sikushika jembe. Nilipanda jukwaani. Niliwataka wenzangu wawe watazamaji wangu, na walichostahili ni kuwa wageni wangu.

Mwaka uliofuata nilianzia kwa yule mzee. Nilimkuta chini ya mgunga, tukasalimiana ile salamu yao ndefu ambayo neno lake kuu ni nagaa, yaani amani: amani ya kwako, ya watoto, ya mifugo, ya ulikotoka. Nikamuuliza huku mwaka unaingia lini. Akaniambia mwaka wa mfugaji ni mvua: Ganna, ile ndefu, na Hagaya, ile fupi. Sasa tuko Adolessa, akasema, kipupwe kikavu, hakuna kinachoingia ila vumbi. Nikamsimulia ya kwetu bila kuhutubu. Nilipofika kwenye moshi akaacha kuchezea fimbo, akanisogelea. Waborana wana mafundi wa kusoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa, wakajua mvua na vita kabla havijaja. Hakutaka maelezo zaidi. "Moshi nao ni utumbo," akasema, na nadhani hakuna aliyewahi kuielewa mila yetu kwa maneno machache zaidi.

Basi tukajenga kibanda cha majani ya mkoma, mti ulioota kando ya mto, kikubwa kiasi cha banda la kuku, na tukakichoma juu ya mchanga, mbali na nyasi. Watoto walitaka kujua nani yumo ndani. Moshi ulikwenda upande wa Merti. Mzee aliutazama, hakutuambia alichosoma.

Chakula kilikuwa bokoboko. Huko kwetu huliwa zaidi kwenye Idi na harusi, lakini ndicho nilichoweza: ngano ililowekwa usiku kucha, nyama ya mbuzi ikaiva mpaka ikaachana na mfupa, kisha mwiko, mwiko, mwiko, hadi ngano na nyama zisijuane. Juu yake samli. Mama mmoja aliyekuja kunisaidia alionja, akasema kimepungua kitu, akaenda kwake akarudi na buni.

Ndiyo, buni. Sisi tunaita buni, wao wanaita buna, neno ni moja. Alikaa chini, akawa anaing'ata punje moja moja kwa jino la mbele, kidogo tu kwenye ncha, kisha anaitupa kwenye sufuria. Hiyo ndiyo buna qalaa, kahawa iliyochinjwa. Punje "zikichinjwa" hukaangwa kwa samli, dua ikasomwa, watu wakazila nzima nzima. Zilimwagwa juu ya bokoboko langu, na kwa kusema kweli lilikuwa na upungufu ule tangu zamani, hatukujua.

Akiwa bado anang'ata, mama yule akaniuliza bila kuinua uso: "Binti yangu yuko Ghuba, kwenye nyumba ya watu, mwaka wa tatu huu. Wewe umejua ugeni. Unadhani wamewahi kumuuliza siku yake ni ipi?"

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta kwenye methali. Mimi niliuliza, nikajibiwa, nikapewa sufuria ya kuazima na mkeka wa kukalia. Wapo wanaopika sikukuu za wengine mwaka baada ya mwaka, wanazijua kwa chumvi na kwa viungo, na hakuna siku waliyoambiwa: leo wewe, tukaribishe.

Jioni mzee akauliza, kwa kuwa nilimweleza sharti lile la kisirani, mgeni wa siku hiyo alikuwa nani hasa. Mimi ndiye mgeni Gotu, na wao walikuwa wageni kwenye sufuria yangu. Tulibishana mpaka jua likazama, tukaafikiana kwamba wageni halisi, wasioulizwa na wasiokataa, ni mbuzi wa mlinzi.

Julai imekaribia tena. Jana mlinzi ameniuliza kama migomba nimeshaagiza. Nimeagiza mara mbili ya ile ya kwanza, na safari hii naiweka chini, usawa wa midomo yao.