Msitu Uzungukao Kanisa
Kaskazini mwa Ethiopia misitu mingi imegeuzwa mashamba na malisho. Ukiona huko kundi la miti mirefu kwa mbali, mara nyingi katikati yake kuna kanisa la Kiorthodoksi. Waumini hawaiabudu miti hiyo. Wanaiona kama vazi la nyumba ya Mungu, na penginepo wamejenga ukuta wa mawe kuwazuia ng'ombe.

Wengi wetu tunahofu kwamba kuuheshimu mti ni kurudia matambiko. Hofu hiyo ina sababu zake. Lakini Adamu alipewa kazi ya kuilima bustani na kuitunza kabla hajatenda dhambi. Sisi tunajadili kuukata mwembe wa uani tupate maegesho, kisha tuchangishane bati la kuyatilia magari kivuli!