Nani Anambeba Mwenye Kuvumilia?



Katika kanisa letu tunapenda sana neno uvumilivu. Tunalisema kwenye kilio, kwenye ndoa, kwa mgonjwa na kwa mtu aliyekosa kazi. Tunamwambia, "Vumilia, ndugu", kisha tunaenda kula bukari kwetu. Leo nataka tujiulize swali moja: mtu anayevumilia, anavumilia peke yake? Na sisi tunaomsifu, tumefanya nini?

Swali hili lilinijia kwa njia ya aibu. Nitawaeleza bila kuficha, sababu shemasi akificha kosa lake hawezi kuonya la mwenzake.

Mwaka 2017 kazi yangu ilikwisha. Kwa miezi mingi mama watoto ndiye aliyelisha nyumba. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kuchota maji, amewasha makala, anakaanga vitumbua vya kuuza. Mimi nilikuwa nimelala. Mchana niliketi na wanaume wenzangu tukizungumza habari za serikali. Siku moja, katika ibada ya shukrani, nilisimama mbele ya watu nikamsifu: mama huyu ni nguzo, hachoki, hanung'uniki. Watu walipiga makofi na vigelegele. Yeye akatoa machozi, nami nikadhani ni ya furaha. Tulipofika nyumbani akaniambia kwa upole, "Baba watoto, umenisifu vizuri. Lakini kesho maji nitachota tena mimi."

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikupata usingizi.

Juma lile lile tulikuwa na mazoezi ya korali. Kiongozi wetu alitaka tushike sauti moja ndefu bila kuikata. Kila mtu akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha sote tukapumua pamoja, na sauti ikakatika. Akatucheka. Akasema, "Hakuna mapafu ya namna hiyo. Wewe pumua wakati jirani yako anaimba. Ukimaliza, rudi polepole, ili naye apumue. Anayesikiliza hatajua nani alinyamaza." Tukafanya hivyo, na sauti ikaenda kama maji ya mto.

Ndipo nikaelewa. Sauti ndefu haitoki kwa mtu mwenye kifua kikubwa. Inatoka kwa watu wanaosikilizana. Yule anayeachwa kuimba peke yake bila kupumua, hata akiwa hodari namna gani, siku moja ataanguka. Na sisi kwenye mazishi tutasema, "Alikuwa mvumilivu sana."

Someni Kutoka sura ya 17. Musa alisimama juu ya kilima, mikono yake imeinuliwa, na Israeli walishinda wakati mikono ile ilipokuwa juu. Lakini mikono ya mwanadamu inachoka, hata ya nabii. Haruni ndugu yake na Huri walifanya nini? Hawakumpigia makofi. Walimletea jiwe akae, wakamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likashuka.

Sasa tumkumbuke Papa Simon Kimbangu. Tarehe 3 Oktoba 1921, huko Thysville, mji unaoitwa sasa Mbanza-Ngungu, mahakama ya kijeshi ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert I wa Ubelgiji akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu Elisabethville, leo Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Nkamba. Alikaa kifungoni mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Tangu alipojitoa mikononi mwa wakoloni, Septemba 1921, ni miaka 30. Kazi yake ya kuponya na kuhubiri hadharani, iliyoanza tarehe 6 Aprili 1921, haikufika hata miezi sita.

Tunapohubiri habari hii tunasimama mara nyingi kwenye mlango wa gereza. Tufike pia nyumbani kwake. Mama Muilu Marie alikuwa na watoto watatu: Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana 5, Diangienda 3. Waaminifu wengi walihamishwa na wakoloni, wakapelekwa mbali na vijiji vyao. Kuomba pamoja kukawa kosa. Mama akailinda kazi kwa siri, akiwa chini ya macho ya wakoloni. Nyimbo ambazo waaminifu walizipokea kutoka juu hazikufa, sababu kulikuwa na vinywa vya kuziimba gizani. Papa alipofungwa, Mama alishika sauti. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 27 Aprili 1959, na kanisa likatambuliwa na serikali ya kikoloni tarehe 24 Desemba mwaka ule ule. Hakuiona siku hiyo, lakini watoto wake walikuwa wamekwisha kupokea wimbo.

Wajukuu nao wakapokea. Mwaka 1994, mjini Kinshasa, Armand Diangienda, mwana wa Papa Joseph Diangienda, alianzisha okestra ya simfonia ya kanisa letu. Watu wengi walioingia walikuwa hawajashika violoni hata siku moja. Vyombo vilikuwa vichache kuliko wapigaji, basi wakavipokezana kwa zamu. Uzi wa violoni ukikatika, waliweza kuweka waya wa breki ya baisikeli. Leo dunia inashangaa uvumilivu wao. Mimi nashangaa zaidi ile zamu: mtu anaondoa chombo begani mwake na kumpa mwenzake, akijua hata yeye bado hajajua kukipiga.

Labda ndugu mmoja atasema, "Shemasi, gerezani Papa Simon alikuwa na nani? Je, hakuvumilia peke yake?" Ni kweli, kuna saa ambazo mwanadamu anabaki na Mungu tu, na Mungu anamtosha. Sikatai. Wala sisemi kwamba kila mzigo unaweza kuondolewa. Kuna ugonjwa usiopona, kuna kifungo kisicho na ufunguo mikononi mwetu. Lakini tutofautishe kuta. Ukuta wa gereza la Elisabethville ulijengwa na wakoloni. Mzigo wa mama watoto wangu, aliujenga nani? Niliujenga mimi kwa uvivu wangu, kisha nikauita uvumilivu wake, kisha nikamshukuru Mungu kwa ajili yake mbele ya kanisa. Kuusifu mzigo ambao mimi mwenyewe ndiye niliyeuweka juu ya kichwa cha mtu, hiyo si shukrani. Ni namna ya kumwambia asiutue.

Ndugu zangu, sifa ni nzuri. Lakini anayesifu aje na jiwe la kukalia. Ukiona mama mjane anayeimba kila Jumapili, mwulize nani anamlipia mtoto shule. Ukiona kijana anayemuuguza baba yake tangu mwaka jana, usimwambie "vumilia", mwambie, "Usiku huu nitalala hospitali mimi, wewe nenda ukaoge na kulala." Huko ndiko kupumua kwa zamu. Tunafundishwa Bolingo, Mibeko, Misala: upendo, amri, kazi. Upendo usiofika kwenye kazi umekatika njiani kama sauti ya korali yetu siku ile.

Na wewe unayebeba, usione haya kunyamaza kidogo ili upumue. Wimbo si wako peke yako, na hautakatika kwa sababu umepumua. Jirani yuko hapo.

Siku hizi ndoo ya maji ya asubuhi ni yangu. Kwanza majirani walinicheka, kisha wakazoea. Mama watoto hakunisifu. Siku ya kwanza alilala mpaka jua likatoka, na mimi nikasikia ndani ya ukimya ule wimbo mzuri kuliko makofi yote ya ibada ya shukrani.

Mungu awabariki.

Ni mimi shemasi, ndugu yenu katika Bwana.