Shule ya Wakristu na Mtoto Asiye na Feza

Siku moja baada ya Misa, hapa Kalemie, mama mmoja alituuliza: «Katekista, ile shule yenu ni ya Mungu ama ni ya feza?» Mwanawe wa sekondari alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya deni. Hatukuwa na jibu la upesi.

Wapenzi wasomaji, shule yaitwa ya Kikristu kwa sababu gani? Wengi watataja msalaba ukutani, sala ya asubuhi, saa ya dini na adabu ya wanafunzi. Ni mambo mema, nasi wenyewe twayafundisha. Lakini hata mwenye duka aweza kutundika msalaba juu ya mizani yake.

Tutazame mwanzo. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea ngome ya Mpala, kusini mwa mji wetu, iliyojengwa na Kapteni Émile Storms. Watoto wengi wa kwanza waliofundishwa pale walikuwa wamekombolewa katika utumwa. Hawakuwa na baba wa kuwalipia. Feza ya kuwakomboa ilitolewa na Wakristu wa mbali wasiowajua hata kwa majina. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Aliyekombolewa alikaa misioni, apende asipende. Lakini hakuna aliyemdai bei yake mlangoni mwa darasa. Adriano Atiman, aliyekombolewa vivyo hivyo na kusomeshwa utabibu huko Malta, alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1889, akawatibu watu hata kufa kwake mwaka 1956. Na Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala, alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wa nyakati hizi.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Kwa mapatano ya 1977 ikawarudishia uongozi wake. Mishahara ilibaki juu ya Serikali, na ilipokosekana katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalisha waalimu. Mwaka 2019 shule za msingi zilitangazwa kuwa bure, lakini katika sekondari wazazi waliendelea kulipa.

Tusiwaonee waalimu. Mwalimu ana watoto, ana kodi ya nyumba, na Injili yenyewe yataka mfanyakazi apate ujira. Kwa hiyo kudai feza ya masomo si dhambi. Kosa twaliona mahali pengine: deni ni la baba, adhabu yampata mtoto asiyedaiwa kitu. Ni haki gani hiyo?

Mkuu mmoja wa shule alitujibu kwamba akimwacha mmoja, kesho hakuna atakayelipa. Neno hilo lina kweli yake. Tumewaona wanaume wakinywa feza ya masomo. Basi aitwe baba huyo, aaibishwe yeye mbele ya wazee, na mtoto aachwe darasani. Tena sisi wa parokia tusijifiche. Twachanga kwa ajili ya bati za kanisa, twachanga kwa sikukuu ya somo wa parokia, na hatukumbuki kamwe kuchanga kwa mtoto wa jirani. Wale wa mbali walichanga kwa watoto wa Mpala.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Mumewe ni mvuvi wa ndakala. Ndakala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hukaa ufukoni na feza haipo. Shule huhesabu siku kwa kalenda, mvuvi huhesabu kwa mwezi wa mbinguni. Tulimwomba mkuu wa shule angoje siku kumi. Alisema amri haikutoka kwake.

Giza liliporudi, mvuvi alivua vizuri, akaleta feza yote, mkononi, bila kupungua. Mitihani ilikuwa imekwisha siku tatu kabla.