Je, Kutazama Kunadhuru?

Hapa Mwankoko mtu hana haja ya kusafiri mpaka Serengeti ili aone viumbe wa Mungu. Uani kwetu kuna kinyonga apandaye mpapai kila asubuhi bila haraka, kuna mijusi waotao jua juu ya mawe, kuna chozi wanyonyao maua, na kuna tetere, ambao pengine ni wengi kuliko watu wa nyumba hii. Zamani tuliwapita tu. Siku hizi simu zina kamera, na kijana wetu mmoja wa miaka 13 amejifunza kukaa kimya nusu saa nzima akimngoja ndege atue. Sisi tuliomlea tulidhani jambo hilo haliwezekani.

Tuseme kweli, tulifurahi sana. Kijana huyu alikuwa na manati, na shabaha yake haikuwa mbaya. Alipoanza kuazima simu yetu, manati ilitundikwa ukutani jikoni ikakaa huko. Tukasema: heri picha elfu kuliko tetere mmoja aliyevunjika bawa.

Mvua zilipokwisha mwaka jana, tetere wawili walijenga ndani ya ua wa minyaa. Kiota cha tetere ni kazi ya mvivu, vijiti vichache tu, hata ukisimama chini yake waweza kuona mbingu kupitia humo. Mayai yalikuwa mawili, meupe. Makinda yalipotoka kijana alitaka picha yao, lakini matawi yaliziba. Akaomba panga. Tulimpa, tukamwonya juu ya utomvu wa minyaa usimwingie machoni, na sisi wenyewe tukamshikia ngazi. Matawi kama sita hivi yakakatwa, jua likaingia, picha ikapatikana. Ilikuwa nzuri: makinda mawili yenye manyoya machache ya njano, midomo mikubwa kuliko vichwa. Tukawaonyesha majirani, nao wakasifu.

Kesho yake kiota kilikuwa kitupu. Kunguru alionekana asubuhi juu ya ua, na kwa kuwa tulikuwa tumemfungulia dirisha, hatukuwa na la kumlaumu. Mama tetere alirudi, akalalia vijiti vile mpaka jioni.

Tangu siku hiyo tumekuwa na mabishano nyumbani. Wengine wasema, tetere ni ndege tu, na kunguru naye hana budi kula. Hoja hii ina uzito. Sisi ni wakulima wa uwele na mtama. Kwelea kwelea wakishuka shambani hatuwapigi picha, twapiga madebe na kupiga kelele mchana kutwa, na ndege ya serikali ikija kuwanyunyizia dawa mahali walalapo, twashukuru. Hatuwezi kujifanya watu wasiogusa ndege. Lakini kwelea kwelea hula chakula cha watoto wetu. Tetere wale walikuwa wamekula nini chetu?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna agizo fupi juu ya mtu akutaye kiota njiani: asimtwae mama pamoja na makinda, bali amwache mama aende zake. Agizo hilo halikumnyima chakula mwenye njaa. Lilimwekea mpaka. Nasi, tujiulize, tulikuwa na njaa gani siku ile? Tulikuwa na njaa ya kuwa na kitu cha kuonyesha.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walipotawala, alikuwako Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings, aliyezunguka nyika za upande wa Kilimanjaro akiwapiga wanyama picha usiku kwa mwako wa unga wa magnesi. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilisifiwa sana huko Ulaya, ambako watu walikuwa wamezoea kumwona simba aliyekufa na mwindaji amesimama kando yake. Hapa walimwona simba aliye hai, gizani, katika shughuli zake. Ila ili simba aje mbele ya kamera, Schillings alifunga punda au ng'ombe mahali pale. Picha ni ya simba, na anayelipa ni punda. (Jina la kitabu chenyewe lataja mwanga na bunduki pamoja, kwa hiyo hakuwaficha wasomaji wake.) Na mtu huyohuyo baadaye akawa mmoja wa waliotetea uhifadhi wa wanyama kwao Ujerumani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba picha zake zilikuwa uovu mtupu. Huenda zilimfundisha yeye kwanza. Punda hakufaidika kwa hilo.

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Tukimkaripia kijana kwa ukali, manati bado iko ukutani. Tukimsifu bila neno, tutakuwa tumemfundisha kwamba kitu kisichotoa damu mkononi mwake hakina deni. Twaona kwamba kumtazama kiumbe ni kuingia nyumbani kwake, na mgeni mwema haezui paa ili aone vizuri waliomo ndani. Lakini maneno haya tuliyapata baada ya kushika ngazi, si kabla, na kijana analijua hilo.

Alituuliza kama aifute ile picha. Mmoja wetu alisema aifute, mwingine akasema aiache, maana ndiyo kumbukumbu pekee ya makinda wale. Hatujakubaliana hata leo, na picha imo.

Mwaka huu tetere wamejenga tena, ndani zaidi ya minyaa, upande wa zizi. Panga halikuombwa. Kijana hukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali, tangu jua linapochomoza mpaka aitwapo kuchota maji. Picha aliyoipata wiki iliyopita yaonyesha majani mengi, na katikati yake mkia.