Je, Nia Njema Yatosha?

Tangu utotoni twafundishwa kwamba mtu hupimwa kwa nia yake. Mtoto akivunja mtungi katika kumsaidia mama yake kuteka maji, husamehewa, kwa kuwa alikusudia mema. Fundisho hili ni zuri, wala sitaki kulipinga. Lakini kuna mahali ambapo haliwezi kutufikisha mbali, napo ni pale mtu mzima anapojitolea kuwa rafiki na mshauri wa kijana. Nakuomba, msomaji, ufikiri pamoja nami juu ya swali hili: mwenye kutaka kumwongoza kijana, je, nia njema yamtosha?

Swali hili halikunijia kwanza kutoka vitabuni. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipelekwa kwenye shule moja kufanya mazoezi ya kufundisha kwa muda wa muhula mmoja. Katika darasa langu alikuwamo mvulana wa miaka kumi na minne, mkimya, aliyefiwa na baba yake mwaka uliotangulia. Kila Alhamisi baada ya michezo tulikaa chini ya mwembe, yeye akisoma kwa sauti nami nikimsahihisha, na baada ya kusoma tulizungumza. Sikuagizwa na mtu kufanya hivyo. Niliona uhitaji wake nikamhurumia. Alama zake zilipanda kidogo, na uso wake ukachangamka. Siku ya kuagana nilimwambia, "Jumamosi ya kwanza ya likizo nitakuja kukutazama nyumbani kwenu." Sikwenda. Nilikuwa na mtihani; baada ya mtihani nikapata kazi mbali; baada ya kupata kazi nikabadili nambari yangu ya simu bila kumpa habari. Miaka mitatu ilipopita tulikutana katika kituo cha magari. Alinisalimu kwa adabu, akanieleza hali ya mama yake, na gari lake lilipokuwa tayari kuondoka akasema, "Mwalimu, Jumamosi ile nilikungoja." Hakusema kwa hasira. Nami sikuwa na neno la kumjibu.

Nia yangu kwa kijana yule ilikuwa njema tangu mwanzo hadi mwisho. Basi kosa lilikuwa wapi?

Fumbo hili limewapata pia watu walionizidi sana kwa elimu na kwa uwezo. Katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, iko miji miwili inayopakana, Cambridge na Somerville. Cambridge ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Harvard, na katika chuo hicho alifundisha daktari mmoja aliyeitwa Richard Clarke Cabot, ambaye alisomesha utabibu na pia maadili ya jamii. Cabot aliamini kwamba mvulana aliye katika hatari ya kupotea aweza kuokolewa akipata mtu mzima wa kumpenda, kumshauri na kumsimamia. Kwa imani hiyo ulianzishwa mpango mkubwa wa kuwasaidia wavulana wa miji ile miwili mwaka 1939. Cabot mwenyewe alifariki mwaka huo huo, lakini kazi iliendelea hadi mwisho wa mwaka 1945.

Wavulana waliobaki katika hesabu ya mpango huo walikuwa 506. Walipangwa wawili wawili, kila mmoja na mwenziwe aliyekaribiana naye kwa umri, kwa hali ya nyumbani na kwa mwenendo. Kisha sarafu ikarushwa. Mmoja alipewa mshauri, na wa pili aliachwa aendelee na maisha yake kama kawaida. Labda utasema kwamba kurusha sarafu ni ukatili. Lakini bila ya kulinganisha hivyo, nani angejua baadaye kama msaada ulisaidia? Wale 253 waliopewa washauri walitembelewa majumbani mwao, kwa wastani mara mbili kila mwezi, kwa muda wa miaka kama mitano. Walisaidiwa masomo yao, walipelekwa kwa waganga, na wengi walipelekwa kwenye kambi za likizo. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, baadhi ya washauri waliitwa jeshini, na mvulana akapata mshauri mwingine badala ya yule aliyemzoea.

Miaka thelathini ilipita. Mtaalamu wa elimu ya jinai, Joan McCord, akawatafuta wavulana wale, ambao sasa walikuwa watu wa makamo, akapata habari za karibu wote. Mwaka 1978 alitangaza aliyoyaona. Katika wale waliosaidiwa waliomjibu maswali yake, thuluthi mbili walisema kwamba mpango uliwafaa, na wengine waliwakumbuka washauri wao kwa upendo. Lakini alipochunguza kumbukumbu za mahakama na za hospitali, alikuta kwamba waliosaidiwa hawakuwashinda wenzao kwa wema wa maisha. Katika mambo kadhaa hali yao ilikuwa mbaya zaidi: walielekea zaidi kuliko wenzao kurudia makosa ya jinai, na dalili za ulevi zilionekana zaidi kwao.

Tafadhali usome tena maneno hayo kabla ya kuendelea. Washauri wale hawakuwa wavivu wala wenye hila. Walitoa miaka ya maisha yao. Wavulana wenyewe waliwashukuru. Hata hivyo matunda hayakuwa yale yaliyokusudiwa, na yamkini yalikuwa kinyume chake.

Kwa nini? McCord mwenyewe alitoa makisio tu, wala hakujidai kuwa na hakika. Mojawapo ni kwamba mvulana alizoea kuegemea nguzo ya nje, na nguzo ilipoondolewa akayumba. Jingine ni kwamba alipandishiwa matumaini makubwa, na dunia haikuyatimiza. Makisio yote mawili yanatuambia jambo moja: mwongozi wa kijana hahesabiwi kwa yale aliyoyatenda alipokuwapo tu, bali pia kwa namna alivyoondoka.

Ushuhuda mwingine ulikuja mwaka 2002. Jean Grossman na Jean Rhodes, ambaye ni mwalimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, walichunguza habari za vijana zaidi ya elfu moja wa Marekani, wenye umri wa miaka 10 hadi 16, ambao walikuwa wameomba kupewa rafiki mtu mzima. Wale waliodumu na rafiki yao mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata faida nyingi kuliko wengine. Lakini wale ambao urafiki wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walipungukiwa na heshima ya nafsi zao, na imani yao katika uwezo wao wa masomo ikashuka. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka muhula wangu mmoja, nikaikumbuka na Jumamosi ile.

Wahenga walisema, "Tenda wema, nenda zako." Maana yake ni kwamba usikae kungojea shukrani, na kwa maana hiyo methali ni ya kweli. Ukimpa msafiri maji, mpe, kisha uende. Kiu yake imekwisha, wala hakudai tena. Lakini kijana si msafiri aliyeomba maji. Yeye yumo katika umri wa kujiuliza, "Mimi ni nani, na je, nina thamani?" Mtu mzima akija kuketi naye, kuja kwake huwa jibu la swali hilo. Akiondoka bila kuaga, kuondoka kwake nako huwa jibu. Kwa kijana, basi, sehemu ya pili ya methali yaweza kuifuta sehemu ya kwanza.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika pwani, msichana alipokua alipewa somo wake, mwanamke wa kumfunza mambo ya utu uzima, na usomo ule haukuisha siku ya mafunzo. Wagikuyu walimpa kijana mutiiri wake wakati wa kutahiriwa, na heshima kati yao ilidumu. Sisemi kwamba kila desturi ya kale yafaa kurudishwa. Nasema tu kwamba wale wasiokuwa na vyuo vikuu walifahamu kuwa malezi ni kifungo cha miaka.

Hapa mtu aweza kunipinga. Atasema, "Mwalimu, ukiwaambia watu wasianze ila wakiweza kudumu, wengi hawataanza kabisa, na vijana watakosa hata hicho kidogo." Pingamizi hilo ni la haki, nami nimelifikiri sana. Jibu langu ni kwamba uchache wa siku si kosa. Kosa ni kuahidi siku usizokuwa nazo. Laiti ningalimwambia kijana yule, "Nitakuwa nawe muhula huu mmoja, na siku ya mwisho tutaagana," ningalimpa kitu kidogo cha kweli. Badala yake nilimpa kikubwa cha uongo, ingawa wakati ule sikujua kuwa ni uongo. Ahadi ni deni, na mwenye kukopa hana budi kuihesabu mali yake kabla ya kukopa.

Siku hizi vyuo vikuu vingi hushirikiana na shule, hospitali na vyama, na wanafunzi wao hutumwa kuwashauri vijana. Hapana shaka kazi hii ina heri, lakini ina hatari yake. Muhula wa chuo una tarehe ya mwisho, na haja ya kijana haina. Mwanafunzi hufaulu mtihani akaondoka, kama nilivyoondoka mimi. Hata hivyo chuo chenyewe hakiondoki, na hapa ndipo ilipo nguvu ya ushirikiano wa namna hii: ambapo mtu mmoja hawezi kudumu, taasisi yaweza kudumu kwa niaba yake. Yaweza kumtayarisha mshauri kabla hajaanza, kumwagiza aage kwa heshima, na kumtambulisha kijana kwa atakayefuata. Yaweza pia kuuliza, kama alivyouliza McCord, swali gumu ambalo mwenye nia njema hapendi kuulizwa: je, tuliwafaa kweli, au tulishukuriwa tu?

Mfano wa kudumu tunao hapa kwetu. Mjini Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vimeshirikiana katika mafunzo ya utabibu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wageni huja na kurudi makwao, lakini ushirikiano haurudi nao. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kuna kituo cha afya ya vijana kiitwacho Rafiki. Jina hilo si dogo, kwa kuwa rafiki ni yule unayemkuta tena.

Nawe, msomaji, utauliza haya yakuhusu nini, maana hujawa daktari wala mwalimu. Yakuhusu kwa njia mbili. Leo huenda yuko mkubwa anayekuongoza. Mwulize bila woga, kwa adabu, atakuwa nawe muda gani. Na akiondoka, usiseme moyoni kwamba ameondoka kwa sababu huna thamani. Yawezekana ni mtu kama mimi, aliyependa kweli lakini hakuhesabu. Kesho wewe utamaliza shule, na wadogo zako kijijini watakutazama kama mkubwa wao. Utatamani kuwaambia, "Nitarudi." Kabla ya kulitamka neno hilo, jiulize ni siku gani, na utafika kwa njia gani. Ukiwa na jibu, litamke, kisha urudi. Ukiwa huna, waage vizuri.

Nia njema ni mbegu, wala hakuna avunaye bila mbegu. Lakini mkulima apandaye kisha akahama, asishangae akisikia kwamba shamba lilimngoja.